Nyumba Iliyohesabiwa

Kwetu mama hakuwahi kutuhesabu. Akitaka kujua kama sote tumeingia ndani, alisimama mlangoni akauliza, "Nani yuko nje?" Hakuuliza tuko wangapi, maana kwetu watu wakihesabiwa hupungua. Mgeni akimwuliza ana watoto wangapi, alijibu, "Wapo, Mungu awaweke," na kama mgeni ni wa kutoka milimani na hakuelewa, akauliza tena, mama alimjazia chai mpaka ikamwagika kwenye sahani, ili maneno yahamie kwa chai. Naandika hili kwanza kwa sababu bila hilo mambo yaliyofuata yataonekana ya kijinga. Huenda ni ya kijinga hata hivyo. Shule niliiachia kidato cha pili, na mengi ninayoyajua niliyapata kwa kusimama nyuma ya kiti cha mtu mwingine, nikiangalia skrini yake.

Mtu huyo mwingine alikuwa madam. Kazi yetu ilikuwa katika chumba kimoja juu ya duka la mabati hapa Isiolo mjini, kwa kikundi kidogo kilichopeleka maji kwa lori kwenye kambi za wafugaji wakati wa ukame. Yeye alikuwa Mmeru, mwenye diploma, Mkristo wa kusali kabla ya kuwasha kompyuta, kwa sababu stima ya jengo lile ilikuwa na tabia. Mimi aliniita warya, vile Wasomali wanavyomwita mwanaume barabarani, ingawa Kisomali changu ni cha kuombea maji tu. Babu ya baba yangu aliletwa huku akiwa askari wa Mzungu, vita vikaisha, akaachwa huku, na uzao wake ukawa watu wa malori. Mimi wa kompyuta ndiye niliyepotea njia.

Ukurasa wetu wa mtandaoni, wa kuorodhesha kambi zenye kiu, ulikuwa kazi ya madam. Siku alipoanza kunifundisha aliniona nimekunja uso, akafunga kitabu chake.

"Warya, wacha Kizungu. Boma unalijua kuliko mimi. Ua wa nje ni wa nini?"

"Miiba."

"Ndani yake?"

"Nyumba. Na zizi la ng'ombe."

"Ndani ya zizi?"

"Kizizi cha ndama."

"Basi hiyo ndiyo data. Lokesheni, eneo la chifu, ni ua wa nje. Ndani yake kuna kambi. Ndani ya kambi kuna nyumba. Ndani ya nyumba kuna watu. Ukitaka ndama, lazima ufungue milango yote, mmoja baada ya mwingine, na uifunge ukitoka. Ukisahau kufunga mmoja, umelia."

Kisha akanionyesha templeti. Templeti ni ukurasa ulioandikwa mara moja tu, ukiwa na mashimo. Kompyuta inapita nao: inaingia lokesheni ya kwanza, inaandika jina, inaingia kambi iliyomo, inaandika jina, inaingia nyumba, inahesabu watu, inatoka, inaingia nyumba inayofuata, mpaka ziishe, halafu kambi inayofuata. Sisi tunajaza data, templeti inatembea. Ilinipendeza sana. Nilisema inafanana na mzee anayekagua mifugo jua likizama, ambaye hakosi mlango hata mmoja. Madam akacheka, akasema huyo mzee hana macho, ana amri tu.

Baadaye aliiongezea amri moja. Alikuja mgeni, mmoja wa waliotusaidia dizeli, akauangalia ukurasa kwenye simu yake na kuona vichwa vya kambi vimesimama bila kitu chini yao, kwa sababu tulikuwa hatujamaliza kujaza. Akauliza, "Hivi ni vijiji ama makaburi?" Watu wakacheka kwa adabu. Alipoondoka madam akaandika: kama ndani ya kambi hakuna nyumba, iruke. Vichwa vitupu vikapotea. Mimi mwenyewe nilisema, "Sasa umependeza." Naandika hivyo ili isionekane kama amri ile ilikuwa ya mtu mmoja. Na haikuwa amri mbaya. Data ikijaa, kichwa kingerudi.

Kujaza ndiko kulikuwa kwangu. Nilipiga simu kambi baada ya kambi. Wengi wamezoea siku hizi; chakula cha msaada kimewafundisha kujibu namba bila kupepesa, na wengine wanaongeza. Lakini kulikuwa na kambi moja mbele ya Kulamawe, ya Waborana, yenye mzee wa zamani.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam. Nagaa?"

"Nagaa, amani tu. Mzee, naandika kambi zinazohitaji maji. Yako iko na nyumba ngapi?"

"Ziko."

"Na watu?"

"Watu wako."

"Wangapi, mzee? Kwa kukisia tu."

"Kijana, wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba na babu.

"Hao nawajua. Hao hawakukufundisha? Andika watu wako, maji hakuna. Kuna neno gani hapo halijaeleweka?"

Nilisikia aibu ya mtoto aliyegongwa mkono kwenye sahani ya wageni. Nikamwomba radhi. Nikaandika jina la kambi, na ndani yake nikaacha wazi. Sikuandika namba ya kubuni, kwa sababu kubuni watu wa mtu ni vibaya kuliko kuwahesabu. Nilijiona nimefanya la heshima. Jina la kambi lilikuwepo kwenye data, nililiona kwa macho yangu, na sikufungua ukurasa kuliangalia huko nje.

Ukame ukaendelea. Kamati ya kikundi ilikaa asubuhi, mwenyekiti akafungua ukurasa, safari zikapangwa kulingana na ulivyosema. Dereva naye alikuwa na ukurasa uleule kwenye simu yake. Tulikubaliana sote kwamba ukurasa ndio utakaosema, si mdomo wa mtu, kwa sababu kabla ya hapo kila mwenye jamaa alivuta lori kwa jamaa yake. Hata mimi niliunga mkono. Bado naona ilikuwa haki.

Siku moja, kabla ya adhuhuri, wakati pikapu za miraa zinashuka kutoka milimani zikipiga honi kama zimebeba mgonjwa, simu ya ofisi ikalia. Mwanamke. Kiswahili chake cha mjini kabisa, lakini nyuma yake kulikuwa na upepo.

"Wewe ndiye wa maji?"

"Mimi ni wa kompyuta, mama."

"Kompyuta, maji, nyinyi ni wale wale. Lori yenu imepita hapa kwetu tena. Watoto wamekimbia na mitungi. Dereva akatupungia mkono. Ametupungia! Kwani sisi tulikuwa tunaangalia harusi?"

Nikamwuliza ni kambi gani. Ilikuwa ile ya mzee. Mwanamke huyo alizaliwa huku mjini, nyuma ya soko la mifugo, akaolewa huko. Alikuwa amepanda kilima ndipo apate mtandao. Akaniambia bwawa limebaki tope la kijani, punda wenyewe wanalinusa wanageuka. Wanachimba mchangani, maji yanatoka kikombe kwa kikombe. Watoto wamechoka kungoja mchanga, wanakunywa ya bwawa.

Nilimtafuta dereva, nikamkuta chini ya lori akifunga boliti, shavu limejaa miraa.

"Mbona umewapita wale wa mbele ya Kulamawe?"

"Simu iliniambia nisimame hapo?"

"Uliwaona lakini."

"Niliwaona. Njia nzima naona watu. Nikisimama kwa macho yangu, wale simu imewataja watanipiga mawe, na watakuwa na haki. Lori hii si ya baba yangu. Ya baba yangu ilikufa Merti."

Nikarudi juu. Nikafungua data: kambi iko. Nikafungua ukurasa: kambi haiko. Nikaangalia tena kama mtu anayepapasa mfuko ule ule. Halafu nikaelewa. Mlango wa ndani ulikuwa mtupu, kwa hiyo amri ikasema iruke. Wale waliokuwa hawana hata tangi, hawana hata namba, ndio walikuwa hawaonekani.

Nilikwenda kwa mwenyekiti na kumweleza kwa mdomo. Alinisikiliza vizuri, lazima niseme hivyo. Kisha akasema, "Kijana, juzi chifu alikuja na kambi yake ya mdomo. Jana mheshimiwa fulani alituma mtu na yake. Nimewarudisha wote. Nikikubali yako, nitawaambia nini? Iweke kwenye ukurasa, ipimwe kama zingine. Lakini fanya haraka, kesho ndiyo safari ya mwisho upande ule. Kutoka hapo lori linahamia Kipsing, na huko sijui litakaa muda gani."

Basi mambo yakawa hivyo. Kambi ionekane kabla ya kamati kukaa asubuhi, ama wabaki na tope lao.

Madam hakuwepo, alikuwa kwao kwa mazishi ya shangazi yake. Nikafungua templeti mwenyewe. Nilikuwa nimemwona akiigusa mara nyingi. Nikaitafuta ile "kama", nikaifuta. Lakini kila "kama" ina mlango wake wa kufungia chini, mbali kidogo, na huo nikauacha umesimama peke yake. Nilipofungua ukurasa, ulikuwa mweupe. Lokesheni zote, kambi zote, hakuna. Sauti ya mwenyekiti ikaja kutoka ngazini: "Kijana! Watu wote wamekufa ama ni simu yangu?"

Nikampigia madam. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba kaburini.

"Warya, umefanya nini?"

Nikamwambia nimefuta amri ya kuruka, ukurasa umekuwa mweupe.

"Toa mkono humo. Tafadhali. Toa kabisa." Akaushughulikia kwa simu yake, nyimbo zikiendelea. Ukurasa ukarudi kama ulivyokuwa. "Templeti nitaiangalia nikirudi. Wewe jaza data tu. Weka hata nyumba moja, kambi itatokea."

"Hata nyumba moja?"

"Hata mtu mmoja, warya. Sasa niache, wananiita nirushe udongo."

Sikumweleza kwa nini data ilikuwa wazi. Mtu ameshika udongo mkononi, utamwanzia wapi habari za mzee wa Kiborana na adabu za mama yako? Ndivyo nilivyojiambia. Pengine pia niliogopa aone ni upuuzi.

Nikampigia yule mwanamke. Ilibidi nimpigie mara kadhaa mpaka nimpate kilimani. Nikamweleza lilivyo.

"Kwa hiyo unataka nihesabu," akasema.

"Nyumba moja tu. Yako, ama ya mtu mwingine anayekubali."

"Ya mtu ni ya mtu. Siwezi kuweka mdomo huko."

"Mzee hawezi kukubali?"

"Mzee! Mzee akijua nimepanda huku kuongea nawe atanivunjia hiki kisimu." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikakatika. "Mama mkwe yuko hapo chini na punda. Ananiangalia."

Nilitaka aseme hapana, na nilitaka aseme ndiyo. Kama kuna mtu anajua ni kipi nilikitaka zaidi, si mimi.

"Ngoja," akasema. "Mimi sitasema namba. Nitakuambia wako vipi, mmoja, mwingine, mwingine. Wewe ndiye utahesabu. Kama ndani ya hesabu kuna kitu kibaya, kiko kwa mdomo wako, hakiko kwa wangu. Umekubali?"

"Nimekubali."

Nilikubali upesi mno. Sikusimama hata kuuliza kama mzigo unaweza kuhamishwa hivyo. Na siwezi kuandika hapa kwamba sikuamini kuna mzigo, kwa sababu mkono wangu juu ya kibodi ulikuwa baridi kwenye joto la mabati.

"Kuna yule mwenye pengo. Jino lilitoka akiuma kamba ya punda. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Kuna yule anayejua kusoma. Huyo atakuwa kama wewe, maskini."

"Nimeandika 'msomaji'."

"Kuna wale wawili... eh! Nimesema wawili. Futa. Futa hiyo."

"Sijaiandika, mama."

"Kuna yule mwenye sauti. Na kuna yule anayefanana naye. Kila mmoja peke yake." Akavuta pumzi. "Kuna msichana anayelala na vitoto vya mbuzi. Ukimtoa analia mpaka umrudishe. Huyo tumbo linamsumbua tangu juzi."

Akaendelea. Akajitaja yeye. Akauliza kama mume anaandikwa, maana yuko mbali na ng'ombe waliobaki. Nikamwambia sina hakika. Akasema, "Mwandike. Siku akirudi atarudi na kiu."

Mahali pa jina niliandika vile alivyoniambia: mwenye pengo, msomaji, mwenye sauti, wa mbuzi. Hapa sikuwataja wote, na namba sitaiandika, ili anayesoma asije akahesabu. Lakini templeti ilipita, ikaingia lokesheni, ikaingia kambi, ikaingia nyumba ile moja, ikawahesabu kama inavyohesabu wote, ikaandika tarakimu nyeusi upande wa kulia. Kambi ikatokea kwenye ukurasa. Nilimwambia, "Mmeonekana." Akasema, "Haya," akakata.

Kesho yake kamati iliona, ikapanga, lori likaenda. Dereva aliporudi alipanda ngazi kunitafuta, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Wewe, simu yako ilisema nyumba moja. Nimefika nimekuta nyumba kama soko. Nimwagie moja, wengine waangalie?"

"Ulifanya nini?"

"Nimemwaga yote. Usiniulize tena."

Lazima niandike pia kwamba ile "yote" haikuwa ya kambi ile peke yake. Nusu ilikuwa ya kambi ya mbele yao, ambayo ilikuwa imetaja watu wake wote tangu mwanzo na kungoja zamu yake kwa utaratibu. Hawakupata kitu siku ile. Huko nako kuna watoto wenye mapengo. Sikupigiwa simu na mtu wa huko, na kama ningepigiwa sijui ningesema nini.

Haukupita muda mrefu, yule mwanamke akapiga. Hakusalimia.

"Yule wa mbuzi ametangulia."

Nikasema Innalillahi. Akanisimulia bila kulia, kama mtu anayesoma. Tumbo halikufunga. Maji ya lori yalipofika alikunywa, akatapika. Walimfunga juu ya punda waende zahanati ya Kulamawe, yeye na mama mkwe, wakitembea kila mmoja upande wake kumshika. Njiani mama mkwe akasema, simamisha punda.

Upepo ulikuwa mkali kule kilimani, mara unamfunika, mara unamwacha.

"Mama mkwe amejua," akasema. "Nilimwambia mwenyewe, sikuweza kukaa nalo. Anasema nyumba zingine zote ziko salama. Nyumba iliyohesabiwa ndiyo imefunguliwa."

"Na wewe unasema nini, mama?"

"Mimi nimezaliwa mjini. Nasema ni maji ya bwawa. Lakini nyumba zote zimekunywa maji ya bwawa."

Nimelifikiria jibu tangu siku ile. Alikuwa mdogo. Alikuwa ameanza kuugua kabla hajatajwa; mama yake aliniambia hivyo kabla sijabonyeza kitu. Katika nyumba zingine huenda kulikuwa na wagonjwa ambao hakuna aliyewataja, kwa sababu huko hakuna anayetaja. Nikizipanga hivi, ni hoja nzuri. Nikizisoma kwa sauti, naona kwamba zote zinanisaidia mimi, na hoja ambazo zote zinamsaidia anayezitoa mimi huziogopa. Mtu wa shule zaidi angelimaliza jambo hili kwa neno moja. Mimi sina neno hilo. Najua kinachoua mtoto anayeharisha. Najua pia kwamba kambi nzima ilikunywa, nyumba moja ikahesabiwa, na msiba ukaenda nyumba ile.

Madam alirudi kutoka kwao akiwa na vumbi jekundu la huko kwenye viatu. Nikamweleza yote, kutoka kwa mzee mpaka kwa punda. Hakunikatiza. Akavuta kiti, akafungua templeti, akaandika mistari miwili chini ya ile "kama". Kama ndani ya kambi kuna nyumba, zionyeshe, la sivyo, andika jina la kambi na chini yake, "Idadi haijatolewa." Akaongeza kwamba kambi za namna hiyo zikae juu ya ukurasa, si chini. Chai yangu ilikuwa bado haijapoa.

"Mbona hukuniambia ni mambo ya kuhesabiwa?" akauliza. "Ningeandika hii hata nikiwa kaburini. Kwa simu. Nimesimama."

"Ulisema nijaze data."

"Nilisema." Akaiacha mikono yake juu ya kibodi. "Nilidhani umechelewa tu kuijaza. Warya, mimi nilidhani ni uvivu."

Sikumlaumu. Kwa haki, ningekuwa yeye ningedhani hivyohivyo. Kwa haki pia, nilikuwa na mdomo. Tulikaa pale, na wala hakuna aliyemwambia mwenzake pole.

Mwenyekiti alipoona mpango mpya aliupenda. Kisha akaniita akasema, taratibu, kwamba ile nyumba ya kambi ya mbele ya Kulamawe inafaa kurekebishwa, kwa vile mmoja amefariki, na lori likirudi upande ule watu watagawiwa kwa idadi. Alikuwa sahihi. Nilifungua data, nikaweka alama kwenye "wa mbuzi", na kidole hakikushuka. Nikaona ni lazima nimwulize mwenyewe.

Nilimpata siku ya pili yake.

"Mama, kuna jambo la kompyuta."

"Sema."

"Ukurasa umebadilishwa. Sasa kambi inaonekana hata bila watu kuandikwa."



"Bila kuhesabu?"

"Bila kuhesabu."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Ilikuwa kazi kubwa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Asingejua. Lakini niliona ni heri anichukie kwa lililo kweli.

"Hapana, mama. Ilikuwa mistari miwili."

Nilimsikia akipumua. Mbali, mtu alikuwa akiita punda kwa Kiborana, sauti ya mwanamke mzee. Yule wa kilimani hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi, nimekaza shingo, halikuja, na shingo ikabaki imekaza.

"Basi toa watoto wangu humo," akasema.

"Wote?"

"Wote. Na mimi. Na baba yao."

"Nianze na yule..."

"Yule awe wa mwisho. Wenzake watoke kwanza mbele yake, awaone. Alishaenda mara moja peke yake."

Nikamwambia abaki kwenye simu. Nilimsomea kila mmoja kabla ya kumtoa, vile alivyonipa. Mwenye pengo. "Ee," akasema. Nikafuta. Msomaji. "Ee." Mwenye sauti. Anayefanana naye. Kila mara alisema "Ee", bila haraka, kama anayepokea mtu mlangoni. Madam alikuwa ameacha kazi yake, ameinamisha kichwa. Nilipofika kwa baba yao alisema, "Huyo hajui hata kama aliingia." Kisha akabaki mmoja, na nyumba ile kwenye skrini ilikuwa na mstari mmoja tu ndani yake.

"Anayelala na vitoto vya mbuzi," nikasema.



"Ee."

Nikafuta. Nikafuta na nyumba yenyewe. Nikaufungua ukurasa upya, na kwa muda kidogo skrini ikawa nyeupe, nikaogopa.

"Bado tuko?" akauliza.

Kambi ilikuwa juu kabisa, jina lake na lile neno la madam chini.

"Bado mko."

"Haya. Nashuka. Punda ameanza kwenda."